Habari za Mkate wa Bi Hamira

Shuleni, Bweni la Pili
12 Februari

Kwako Mamdogo,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, ukiondoa mafua ya vumbi la chaki ambayo tumeshazoeana kama ndugu. Wewe je, na miguu yako? Mama aliniambia maabara inakuweka wima siku nzima mpaka viatu vinakukataa. Tafadhali uwe unakaa, hata kama mkuu wa kitengo hapendi kuona mtu kakaa.

Nina habari na nina ombi. Naanza na habari. Tangu tufungue shule hatujala mkate asubuhi. Ni chai tupu, na kipindi cha hisabati matumbo yanaimba kuliko kwaya. Lakini usituonee huruma, maana sababu yake ni mimi, na sijutii.

Unamkumbuka Bi Hamira, mwoka mikate wa mtaani kwetu, yule ambaye duka lake linatazamana na cherehani ya mama? Ndiye aliyekuwa akiletea shule mikate. Sasa, likizo ikielekea kuisha mama alinionyesha video kwenye simu. Mtu kavaa aproni ya bluu, kapandisha suruali hadi magotini, anakanyaga donge la unga kwa miguu mitupu ndani ya beseni kubwa. Uso hauonekani. Na wafanyakazi wa Bi Hamira, unajua, wote wawili huvaa aproni za bluu. Niliichukua nikaiweka kwenye ukurasa wa darasa letu mtandaoni, nikaandika juu yake: "Hivi ndivyo Bi Hamira anavyokanda mikate tunayokula shuleni."

Mamdogo, kwa siku tatu ilitazamwa mara elfu tatu na mia nne. Mimi, ambaye picha zangu hupendwa na watu kumi na mmoja, na mmoja wao ni mimi mwenyewe! Wazazi wakapiga simu shuleni, na mwalimu mkuu akasimamisha mikate. Huku bwenini wananiita Mwandishi.

Ombi langu ni hili. Klabu ya afya imenipa nafasi kwenye ubao wa matangazo. Naomba uniandikie magonjwa ambayo mtu anaweza kuyapata kwa kula unga uliokanyagwa na miguu. Nikisema nimeambiwa na mtu wa maabara, hakuna atakayebisha. Wapo wasichana wawili watatu wanaosema eti hatuna hakika, lakini wahenga walishasema, lisemwalo lipo.

Najua utanijibu haraka kwa sababu wewe huchelewi.

Mwanao,
Chiriku

*

20 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako imefika na vumbi lake la chaki. Miguu ipo, inalalamika kama kawaida yake, na mkuu wa kitengo bado anaamini viti viliwekwa kwa ajili ya mapambo. Mengine yote ni salama.

Nimeisoma habari yako mara mbili. Najua kilichokusukuma ni kuwalinda wenzako, na hilo silidharau. Ila magonjwa sitakuandikia. Usininunie kabla hujafika mwisho.

Hapa kwetu kuna dirisha dogo ambalo manesi hupitishia chupa za damu. Wiki iliyopita ilikuja chupa haina jina. Nesi akaapa anajua ni ya nani, ameitoa mwenyewe kwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Alikuwa anasema kweli, nadhani. Tuliimwaga. Alikasirika, mgonjwa akachomwa sindano mara ya pili, naye akakasirika. Lakini damu isiyo na jina siipimi, maana majibu yake yataandikwa kwenye faili la mtu.

Sasa niambie. Hiyo video nani aliipiga? Wapi? Lini? Wewe umeandika jina la Bi Hamira. Lilikuwemo ndani ya video, au ulilileta wewe? Aproni ya bluu si ushahidi, mwanangu. Hata mimi ninayo, ya hospitali, na sijawahi kuoka hata andazi likaiva.

Na hao wahenga, tuwaelewe vizuri. Waliposema lisemwalo lipo, lililosemwa lilikuwa la nyumba ya tatu kutoka kwao. Mtu aliweza kwenda kuchungulia.

Naomba ufanye jambo moja. Nyie simu hamruhusiwi, lakini maktaba ina kompyuta. Mwombe mwalimu wa kompyuta muiangalie tena pamoja, bila sauti, na yale maneno uliyoandika juu myafunike na karatasi. Uandike unachokiona tu. Unachokijua kiache nje ya mlango na viatu vyako.

Ubao wa matangazo hauna haraka.

Mama yako mdogo

*

Shuleni
3 Machi

Mamdogo,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi hata salamu. Mafua yamepona. Natumaini wewe hujambo.

Kwanza nikiri kwamba barua yako iliniudhi. Nilijisemea, Mamdogo kakaa na chupa mpaka amekuwa hamwamini mtu. Video ile nilipewa na mama, siyo na mpita njia. Nilikaa nayo siku nne. Halafu wale wasichana wawili watatu wakauliza tena, na nikajikuta nawajibu kwa kupandisha sauti tu. Nikaenda kwa mwalimu wa kompyuta.

Unamjua? Ni yule kijana mwembamba anayetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu. Hakunicheka. Alifunika maneno kwa daftari la mahudhurio, akazima sauti, akasema, "Sema unachoona, mimi naandika."

Nikasema naona unga. Akauliza, unga unauona, au unaona kitu cheupe? Nikasema kitu cheupe. Tukaendelea hivyo. Aproni ya bluu. Miguu. Beseni. Sakafu ya vigae. Hapo nikasogeza uso karibu na kioo, Mamdogo, maana sakafu ya Bi Hamira ni ya saruji na ina ufa mrefu kuanzia mlangoni hadi kwenye tanuri. Nilipokuwa mdogo nilikuwa natembea juu ya ule ufa kama juu ya kamba. Niliendelea kutazama. Hakuna gunia la unga. Hakuna tanuri. Hakuna hata bati moja la kuokea. Nilikuwa nimeitazama video ile labda mara hamsini na sikuwahi kuona kwamba hakuna tanuri.

Mwalimu akachukua picha moja kutoka ndani ya video, akaitafuta mtandaoni. Haikuchukua hata dakika tano. Ikatokea video ndefu zaidi, ya miaka minne iliyopita, watu wake wanaongea lugha nisiyoijua. Mtu yule yule, beseni lile lile. Anakanyaga, anakanyaga, kisha anainama anachota lile donge, analibeba hadi kwenye gurudumu, analizungusha, na linainuka kuwa mtungi.

Ni udongo. Udongo mweupe wa kufinyangia. Mtu kaikata ile sehemu ya mtungi akaacha miguu.

Mwalimu aliniuliza kama nataka maji. Nikasema hapana, nikamshukuru, nikaenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike.

Ukurasa wa darasa unabadilishwa kwa simu yangu tu, na simu iko nyumbani kwa mama. Je, nikirudi likizo fupi nikaifuta, itakuwa imekwisha? Nataka iwe imekwisha. Sijamwambia mtu mwingine, na bado wananiita Mwandishi.

Mwanao,
Chiriku

*

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Leo naandika kwa haraka wakati mashine inazungusha damu, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Kwanza, ulichofanya pale maktaba kilihitaji moyo. Wengi wakishaona hakuna tanuri hufumba macho.

Pili, hapana, haitakuwa imekwisha. Tukitoa majibu yasiyo sahihi hatuchani karatasi tukajifanya haikuandikwa. Tunapiga simu wodini, tunasema, "Yale majibu ya saa nne si kweli, kosa ni letu, msimpe mgonjwa dawa ile." Inauma kupiga simu hiyo. Wanaokupokea hawakupi pole. Ukifuta kimya kimya, wale elfu tatu wataendelea kuamini, na hawatajua hata pa kuirudia.

Likizo fupi ikifika, nenda kwa Bi Hamira. Mwenyewe, kwa miguu yako, kabla hujaandika popote. Usiende na maelezo marefu. Asiyekuwepo na lake halipo, na siku ile yeye hakuwepo.

Halafu mwulize mama yako aliipata wapi. Si kwa kumshtaki. Aliyempa yeye huenda amewapa na wengine, nao bado wanaamini wameona mkate. Tunafanya hivyo hata ugonjwa ukizuka: tunarudi nyuma mtu kwa mtu, mpaka tuufikie mlango ulioingilia.

Usikae na njaa. Kunywa hiyo chai hata kama ni tupu.

Mama yako mdogo

*

Nyumbani
2 Aprili

Mamdogo,

Shikamoo. Huku nyumbani wote wazima. Mama anakusalimu, ingawa utaona mbele kwa nini salamu zake ni fupi.

Nilienda kwa Bi Hamira Jumamosi asubuhi. Mlango wa mbele umefungwa kwa ubao. Nilizunguka uani. Nilimkuta amekaa kwenye kopo la mafuta lililogeuzwa, anapasua magunia ya unga kuyafanya matambara. Tanuri baridi. Alinitazama akaendelea na kazi. Nikamwamkia, akaitikia.

Nilimwambia yote niliyofanya. Nilikuwa nimejipanga kusema kwa utaratibu lakini yalitoka yote kwa mpigo kama maji ya mtungi uliopasuka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwezi wa kwanza mtu sokoni alitemea mate sinia lake mbele ya watu. Kwamba mfanyakazi wake mkubwa sasa anafulia watu nguo, na yule mdogo amerudi kwao. Kwamba mwanzoni alikuwa anaoka mikate ishirini tu, akirudi nayo kumi na tisa.

Halafu akaniuliza, "Ulipoiona hiyo video, ulikuja kuniuliza?"

Nikasema hapana.

"Kutoka mlangoni kwenu hadi kwangu ni hatua ngapi?"

Nikasema labda ishirini.

Akasema, "Wale elfu tatu siwalaumu. Hawanijui. Wewe unanijua."

Akarudi kwenye magunia yake. Nilisimama pale, nikasema samahani tena, nikaondoka. Hatua ni kumi na nane. Nilizihesabu nikirudi.

Jioni niliweka masahihisho kwenye ukurasa, pamoja na ile video ndefu yenye mtungi. Niliandika kwamba aliyesema uongo ni mimi. Kwa siku mbili imetazamwa na watu arobaini na sita. Mmoja ameandika: "Umehongwa mikate mingapi?" Mwingine amesema afadhali ile ya kwanza, ilikuwa inachekesha.

Sasa lile la pili uliloniagiza. Nilimwuliza mama jana akiwa anashona. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Akasema, "Lazima tuyafukue hayo?" Nikamwambia ni wewe uliyesema tufukue. Basi akafungua simu, akapandisha mazungumzo ya kundi la familia, akanipa nisome mwenyewe.

Ni wewe, Mamdogo. Tarehe kumi na nne Desemba, saa nne na robo asubuhi. Video ile ile, na chini yake umeandika: "Jamani, tuwe macho na mikate ya mitaani."

Hukumtaja Bi Hamira. Mama ndiye aliyeniambia aproni zinafanana na za kwake, na mimi ndiye niliyeandika jina. Mama anasema hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu kitu kikitoka kwako kimeshapimwa.

Sikuandikii hivi kukusuta. Uliniambia nirudi nyuma mpaka mlangoni, nikarudi.

Mwanao,
Chiriku

*

Shuleni
24 Aprili

Mamdogo,

Shikamoo. Wiki tatu sasa sijapata barua, na hujawahi kupitisha wiki mbili. Mama ananiandikia kwamba hata simu unapokea na kusema uko kazini.

Kama unaumwa, tuambie. Kama hukupata barua yangu ya mwisho, nitaiandika upya, ingawa sitaki. Kama uliipata, basi ujue sijakukasirikia. Mimi niliyeandika jina la mtu siwezi kumkasirikia aliyeandika "jamani".

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

*

5 Mei

Chiriku, mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Barua yako niliipata. Ilikaa kwenye mfuko wa koti langu la maabara karibu mwezi mzima, naivaa asubuhi na kuivua jioni, na kila nikitafuta kalamu naigusa.

Sikumbuki vizuri ile siku, na hilo ndilo linalonitesa. Saa nne na robo ni saa yetu ya chai. Bila shaka nilikuwa nimesimama na kikombe, mwenzangu akanirushia, nikairusha. Sikuitazama hadi mwisho. Niliituma kwenye makundi matatu, nimehakikisha: la familia, la wafanyakazi, na la akina mama tuliosoma pamoja. Mtu anayemwaga damu ya mgonjwa kwa sababu chupa haina jina, akairusha video isiyo na jina huku akipuliza chai.

Kuna baya zaidi, na ningeweza kulificha. Barua yako ya kwanza kabisa, uliponitajia aproni ya bluu na beseni, kuna kitu kilinigusa kichwani. Nikakisukuma. Sikutaka kwenda kutazama kwenye simu yangu. Ilikuwa raha zaidi kukuandikia wewe maneno ya hekima kuhusu dirisha na manesi. Nilikuwa nakufundisha, kumbe nimekaa juu ya jambo lenyewe.

Mama yako alipopiga simu niliona aibu hata ya sauti yangu. Ndiyo maana nikawa kazini kila saa. Mtoto anaandika "aliyesema uongo ni mimi" mbele ya dunia nzima, na mtu mzima anajificha nyuma ya darubini.

Juzi nimeandika kwenye makundi yote matatu. Nimewawekea video ndefu, na nikasema ile fupi niliisambaza mimi, na kuna mwanamke amefunga tanuri kwa sababu yake. Kwenye kundi la wafanyakazi mmoja alisema ni video tu, nisijitese. Akina mama tuliosoma pamoja, watatu wamenitafuta faraghani. Nao walikuwa wameisambaza. Mmoja ni mwalimu.

Mkuu wa kitengo nilimweleza pia, sijui kwa nini, labda nilitaka mtu anikaripie. Hakunikaripia. Alivuta kiti, akaniambia nikae.

Nimeomba ruhusa. Nitaenda huko nyumbani mwisho wa mwezi, nikamwone Bi Hamira na mama yako. Mwambie mama yako asipange chochote cha kunipokea, siendi kutembea.

Nisamehe kwa ukimya. Ule nao ulikuwa uongo wa aina yake.

Mama yako mdogo

*

1 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Nimerudi salama. Nakuandikia kabla sijafungua hata mzigo, kwa sababu nataka kukuambia kila kitu na si vipande.

Tulienda mimi na mama yako jana mchana. Mama yako alitangulia, maana hatua kumi na nane anazijua. Bi Hamira alitukaribisha ukumbini, akatupa maji, akasubiri. Nikamwambia mimi ndiye wa kwanza kuileta video kwenye familia hii. Mama yako akasema yeye ndiye aliyezifananisha aproni. Bi Hamira akatutazama kwa zamu, akasema mtoto alikuwa ameshamwambia kwamba kosa ni lake peke yake, na kwamba hakumtaja mtu mwingine yeyote.

Nilishindwa kunywa yale maji.

Hakutufukuza, na hakusema yamekwisha. Nilipomwuliza tumfanyie nini, alisema maneno ya kuombana radhi yamemtosha. Anachotaka ni watu waje waingie ndani, washike unga, waone sakafu, kisha wakaseme walichokiona. Akaongeza kwamba uongo ulipita bila kubisha hodi, lakini ukweli anaona unaletwa mmoja mmoja kwa mkono.

Kwa hiyo tulifanya hivyo. Mama yako anao wateja wanaokuja kupima nguo. Tangu asubuhi ya leo kila anayekuja anamvusha barabara kwanza, kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nimewaacha wakiwa na wanne ndani.

Sehemu ya shule nimekuachia wewe. Sikwenda kwa mwalimu mkuu. Niliona nikienda nitakuwa nimekuchukulia nafasi yako.

Kula vizuri.

Mama yako mdogo

*

Nyumbani
19 Julai

Mamdogo,

Shikamoo. Tumefunga shule. Simu ninayo mkononi na ningeweza kukupigia, lakini nimezoea kukuwazia kwa kalamu. Mama mzima. Miguu yako je? Nasikia siku hizi mnakaa, nyote.

Nilisimama mbele ya shule nzima mwezi uliopita, wakati wa mstari wa asubuhi. Mwalimu mkuu hakupenda mwanzoni. Alisema jambo limeshapoa, kwa nini tulipashe moto. Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya kunyata, kwamba kwa Bi Hamira halijapoa. Nikaruhusiwa dakika tano.

Sikuhutubia. Nilisema nilichoona na nilichoongeza. Nilisema niliandika jina la mtu anayeishi hatua kumi na nane kutoka kwetu bila kwenda kumwuliza, kwa sababu nilikuwa nafurahia namba inavyopanda. Waliosimama nyuma wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Tangu siku ile hawaniiti Mwandishi. Wengine hawaniiti kabisa, na ninawaelewa.

Wiki ya mitihani ukaja uvumi kwamba karatasi ya kemia imevuja na ipo mtandaoni, kila mmoja akidai rafiki yake wa shule ya pili ameiona. Msichana wa kidato cha kwanza akanifuata, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia sijui. Akashangaa. Nadhani alikuja kwangu akitegemea kuambiwa ndiyo au hapana. Nikamwuliza kama kuna mtu anayemjua yeye ambaye ameiona kwa macho, siyo rafiki wa rafiki. Akaenda kuulizia. Alirudi jioni, akasema ameuliza watu tisa na kila mmoja amemwonyesha mwingine, mpaka wa tisa akamwonyesha wa kwanza. Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Karatasi haikuwepo. Yeye na wenzake wakarudi kusoma, na mimi pia, maana kemia yenyewe nilikuwa siijui.

Shule ilimwandikia Bi Hamira kumwomba arudishe mikate. Alikataa. Alisema kwa sasa anaoka ya wanaokuja mlangoni, mikono aliyonayo inatosha hiyo. Mfanyakazi mkubwa amerudi. Yule mdogo hajarudi, na mama anasema hatarudi, amepata pa kushika huko kwao. Kwa hiyo chai yetu bado tupu, na kuna wanaonilaumu kwa hilo sasa. Siku hizi nalaumiwa kutoka pande zote mbili.

Leo asubuhi nilivuka kwenda kununua. Ubao wa mlango wa mbele umeondolewa. Kulikuwa na foleni fupi, watu sita. Nikapanga mstari. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu bwenini, lakini nilipofika mbele nikaona si mahali pake, kuna watu nyuma yangu wana haraka na kazi zao. Nikasema shikamoo, naomba mmoja. Akaitikia. Hakuniuliza habari za shule kama zamani, wala hakunikatia kipande cha pembeni nikale njiani. Aliufunga kwenye karatasi, akanipa, akapokea pesa.

Nikasema, "Asante, Bi Hamira. Nitakuja na kesho."

Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Haya."

Hilo tu. Mama ananiuliza maana yake nini, nami sijui, Mamdogo, na safari hii sitaongeza neno langu. Kesho nitapanga mstari tena.

Mwanao,
Chiriku